AS-SULI: MWANACHUONI ALIYEKUWA BINGWA WA SATARANJI

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Shukrani zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao mpaka siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo.

Hapa kwetu Kibaha na Kisarawe michezo ya kufikiri si migeni. Wazee wetu wamecheza bao chini ya miembe tangu zamani, na vijana hucheza drafti kwa vizibo vya soda wakisubiri abiria. Siku hizi baadhi ya wanafunzi wetu wanacheza pia sataranji, wengine kwa ubao waliouchora kwenye katoni, wengine kwenye simu za kaka zao. Wanafunzi hao wanatuuliza maswali mawili. La kwanza, mtu afanye nini ili awe hodari? La pili, je, mchezo huu unafaa kwa Muislamu? Wazazi nao wanauliza hilo la pili, tena kwa ukali zaidi.

Tumeona tuyajibu maswali yote mawili kwa kueleza maisha ya mtu mmoja aliyeishi Baghdad zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mtu huyo alikuwa mpokezi wa khabari, mwandishi wa tarikh, mwalimu wa mtoto wa Khalifa, na juu ya hayo alikuwa mchezaji wa sataranji asiyepata mshindani katika zama zake. Naye ni Abu Bakr Muhammad bin Yahya as-Suli.

NASABA NA MASOMO YAKE

Ukoo wake ulitokana na babu aliyeitwa Sul, mtu wa asili ya Kituruki aliyekuwa mtawala katika nchi ya Jurjan, karibu na bahari ya Kaspi. Sul alisilimu kwa mkono wa Yazid bin al-Muhallab, jemadari wa Bani Umayya, na kizazi chake kikaingia katika utumishi wa dola ya Kiislamu. Katika ukoo huo alitoka Ibrahim bin al-Abbas as-Suli, mshairi na katibu mashuhuri. Basi kijana wetu alizaliwa katika nyumba ya kalamu.

Alisoma kwa masheikh wakubwa. Alisikiliza hadithi kwa Imamu Abu Dawud as-Sijistani, mwenye kitabu cha Sunan, aliyefariki mwaka 275 Hijria (889). Alisoma lugha na nahau kwa al-Mubarrad na kwa Tha'lab, ambao walikuwa vinara wa elimu hiyo Baghdad. Na katika waliopokea kutoka kwake yumo Imamu ad-Daraqutni, mmoja wa mabingwa wa elimu ya hadithi. Tunayataja haya mapema ili mwanafunzi asije akadhani kwamba as-Suli alikuwa mtu wa barazani asiye na kazi. Elimu ilitangulia, mchezo ukaja baadaye.

SATARANJI YA ZAMA ZILE

Mchezo huu asili yake ni India. Ukapita Uajemi, na Waislamu walipoifungua Uajemi wakaukuta huko. Neno lenyewe sataranji limetujia Waswahili kupitia Kiarabu, shatranj. Ubao wake una nyumba 64 na kete 32. Ajabu ni kwamba bao letu la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, kama kwamba michezo hii miwili imebadilishana hesabu.

Sataranji ya Baghdad ilitofautiana kidogo na ya leo. Mfalme (shah), farasi na ngome (rukh) walikwenda kama wanavyokwenda sasa. Lakini kete iliyosimama kando ya mfalme, ambayo leo wengi huiita malkia, ilikuwa waziri (firzan), na ilikwenda hatua moja tu kwa mshazari. Tembo (fil) aliruka nyumba ya pili kwa mshazari, hakuvuka mbali kama sasa. Askari wa miguu (baidaq) hakuruhusiwa kuanza kwa hatua mbili. Mtu aliweza kushinda kwa kumfunga mfalme asiwe na pa kwenda, au kwa kumlia mwenziwe kete zote akabaki mfalme peke yake.

Kwa sababu hiyo mchezo ulianza polepole. Wachezaji hodari walikuwa na mipango ya kupanga jeshi kabla ya vita kuanza, na kila mpango uliitwa ta'biya. Pia walikuwa na mafumbo ya mwisho wa mchezo, kete zikiwa chache ubaoni, nayo yaliitwa mansubat. Aliyejua ta'biya na mansubat alikuwa kama mwanafunzi aliyehifadhi matini, na asiyezijua alikuwa anabahatisha.

MBELE YA KHALIFA AL-MUKTAFI

Mwaka 289 Hijria (902) al-Muktafi alitawazwa kuwa Khalifa wa Bani Abbas. Katika baraza lake alikuwepo mchezaji mmoja aitwaye al-Mawardi, na Khalifa alimpenda sana. As-Suli alipotajwa kwa Khalifa kuwa ni hodari, wawili hao wakaitwa wacheze mbele yake.

Mwanahistoria al-Mas'udi ameeleza yaliyotokea. Khalifa hakuficha upande wake. Alimshangilia al-Mawardi waziwazi na kumtia moyo, hata as-Suli akababaika mwanzoni mwa mchezo. Hebu fikiri, mwanafunzi: kijana mgeni barazani, mwenye dola anamshangilia mpinzani wake, na watu wote wanamtazama mwenye dola. Lakini as-Suli hakuinuka, hakulalamika wala hakuharakisha. Alijikusanya, akaukazia macho ubao, akatumia yale aliyojifunza mpaka akamshinda al-Mawardi ushindi ambao hakuna aliyeweza kuutilia shaka. Khalifa mwenyewe akaacha kumpendelea al-Mawardi, na as-Suli akapata nafasi katika baraza.

Tangu hapo alikuwa sahibu wa makhalifa watatu: al-Muktafi, kisha al-Muqtadir, kisha ar-Radi.

NAMNA ALIVYOKUWA BORA KULIKO WENZIWE

Hapa ndipo penye jibu la swali la kwanza la wanafunzi wetu. As-Suli hakuwa wa kwanza kuandika juu ya sataranji. Kabla yake alikuwepo al-Adli, ambaye katika karne ya tatu Hijria aliandika kitabu juu ya mchezo huu na kwa muda mrefu akahesabiwa kuwa hana mfano. Al-Adli alishindwa na ar-Razi mbele ya Khalifa al-Mutawakkil, lakini kitabu chake kiliendelea kutegemewa.

As-Suli alikichukua kitabu cha al-Adli, akakisoma, akakipima, akaonyesha palipo na kosa na kwa nini ni kosa, kisha akaandika kitabu chake mwenyewe. Ndani yake aliweka ta'biya alizoziona bora na mansubat za kumfanya msomaji aumize kichwa. Hii ndiyo njia ya wanachuoni: kwanza unasoma aliyekutangulia, pili unapima, tatu ndipo unasema lako. Yule anayetaka kusema lake kabla ya kusoma la wenziwe hafiki mbali, awe katika sataranji, katika nahau au katika hesabu.

Katika mansubat zake lipo fumbo moja ambalo watu wa sataranji wameliita almasi ya as-Suli. Ubaoni zimebaki kete nne tu, kila upande mfalme na waziri wake. Mtu akiliona anadhani ni jambo jepesi. As-Suli alieleza kuwa hapakuwa na aliyeweza kulifumbua isipokuwa yule aliyefundishwa na yeye. Vitabu vikanakiliwa, karne zikapita, na fumbo likabaki fumbo kwa zaidi ya miaka elfu moja, mpaka katika miaka ya 1980 ambapo Yuri Averbakh, bingwa wa Urusi, alilifumbua.

As-Suli pia alifundisha. Mwanafunzi wake mashuhuri aliitwa al-Lajlaj, na maana ya jina hilo ni mtu mwenye kigugumizi. Kigugumizi hakikumzuia. Alizichukua ta'biya, akazichambua hatua baada ya hatua, akaeleza kila upande ufanye nini na kwa sababu gani, akaandika kitabu. Baadaye alikwenda Shiraz, akafia huko baada ya mwaka 360 Hijria (970). Wanafunzi wetu wenye haya ya kusema mbele za watu wamkumbuke al-Lajlaj.

MWALIMU WA MTOTO WA KHALIFA

Katika zama za al-Muqtadir, as-Suli alipewa kazi ya kumfundisha mtoto wa Khalifa, ambaye baadaye alikuja kuwa Khalifa ar-Radi. As-Suli mwenyewe ameandika kisa cha siku moja katika masomo yao. Watumishi wa bibi yake mtoto yule waliingia wakakusanya vitabu vyote alivyokuwa anasoma, wakaondoka navyo wakavikague. Mtoto alikasirika. As-Suli akamtuliza, kwamba si vibaya vitabu vikaguliwe. Baada ya saa chache vikarudishwa. Mtoto akawaambia watumishi wawaeleze waliowatuma kuwa vitabu vyake ni vya hadithi, fiqhi, lugha, mashairi na tarikh, wala si vile vya ngano na visa vya ajabu vya kupotezea muda. Wazazi wanaokagua simu za watoto wao leo wajue kuwa wametanguliwa.

Ar-Radi alipotawazwa mwaka 322 Hijria (934) hakumsahau mwalimu wake. Imepokewa na al-Mas'udi kwamba siku moja alikuwa katika bustani yenye maua mazuri, akawauliza waliokuwa naye kama wamewahi kuona kitu kizuri kuliko hicho. Wakaisifu bustani mpaka wakamaliza maneno. Khalifa akasema kuwa uchezaji wa as-Suli katika sataranji ni mzuri zaidi ya maua yale na zaidi ya yote waliyoyataja.

VITABU VYAKE NA KABATI LAKE

As-Suli aliandika mengi nje ya sataranji. Aliandika Kitab al-Awraq juu ya makhalifa wa Bani Abbas na washairi wao, na sehemu inayomhusu ar-Radi ni ushahidi wa mtu aliyeyaona mambo kwa macho yake. Aliandika Adab al-Kuttab, kitabu cha kuwafunza makatibu adabu za kazi yao. Alikusanya pia mashairi ya Abu Tammam na ya washairi wengine, na bila ya kazi hiyo mengi yangepotea.

Alikuwa na nyumba ya vitabu vilivyopangwa safu kwa safu, kila safu na rangi ya majalada yake. Akiulizwa jambo alimwita mtumishi amletee kitabu fulani. Mshairi mmoja wa zama zake akamfanyia mzaha, kwamba elimu ya mzee huyu imo kabatini. Al-Khatib al-Baghdadi ameipokea khabari hiyo.

Sisi walimu tunauona mzaha huo kuwa una funzo. Kupanga vitabu vizuri ni jambo jema, na as-Suli hakuwa mjinga. Lakini mbele ya ubao wa sataranji hakuwa na wa kumwita amletee kitabu. Pale alikuwa na kile tu alichokihifadhi kifuani. Ndivyo ilivyo kwa mwanafunzi katika chumba cha mtihani, na ndivyo ilivyo kwa hafidh anaposimama kuswalisha.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Mwaka 329 Hijria (940) ar-Radi alifariki. Nduguye al-Muttaqi alipotawala alisema hana haja na masahibu wa barazani, kwani Qur'an inamtosha kuwa sahibu. Mlango uliokuwa wazi kwa as-Suli kwa miaka karibu arobaini ukafungwa kwa siku moja. Dola nayo ilikuwa imedhoofika, majemadari wakigombania mamlaka.

As-Suli alikwenda Wasit kwa jemadari Bajkam, lakini Bajkam aliuawa muda mfupi baadaye. Kisha dhiki ya maisha ikamtoa Baghdad akaenda Basra. Huko alisimulia khabari moja inayomhusu Sayyidna Ali (r.a.), watu wakakasirika, wakamtafuta wamuue. Akafariki akiwa mafichoni mwaka 335 au 336 Hijria (karibu na 947). Mtu aliyesifiwa kuliko maua ya bustani ya Khalifa alikufa amejificha. Allah (s.w.) amrehemu.

Hata hivyo jina lake halikufa. Watu wakaendelea kumsifu mchezaji hodari kwa kumwambia kuwa anacheza kama as-Suli. Zaidi ya karne tatu baadaye Ibn Khallikan, aliyefariki mwaka 681 Hijria (1282), alikuta watu wengi wanaamini kuwa as-Suli ndiye aliyebuni sataranji, akaona ni lazima awasahihishe. Katika ukurasa huohuo akaeleza hadithi ya Sissa, mtu wa India, ambaye mfalme alimtaka ataje zawadi yake kwa kubuni mchezo huu. Sissa akaomba punje moja ya ngano katika nyumba ya kwanza ya ubao, mbili katika ya pili, nne katika ya tatu, na kuendelea kuzidisha mara mbili mpaka ya 64. Mfalme aliona ni ombi dogo. Mwanafunzi achukue kalamu ajaribu. Nyumba ya 10 ina punje 512, ya 20 ina punje 524,288, na ya 30 ina punje 536,870,912. Jumla ya nyumba zote ni punje 18,446,744,073,709,551,615. Hakuna ghala la mfalme yeyote linaloweza kutoa hizo.

HUKUMU YA SATARANJI

Sasa tuje kwenye swali la pili. Wanachuoni wamekhitalifiana. Wengi katika madhehebu ya Hanafi, Maliki na Hanbali wameikataza, na imepokewa kuwa Sayyidna Ali (r.a.) aliwakemea watu aliowapita wakicheza. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, kauli inayotegemewa ni kuwa ni makruhu. Imepokewa pia kwamba Said bin Jubayr, mwanachuoni mkubwa katika tabiina, alikuwa akicheza akiwa ameupa ubao mgongo, kwa kumbukumbu tu.

Lakini hao wote wamekubaliana juu ya mambo yafuatayo: ikiingia kamari ni haramu, ikimpitishia mtu swala ni haramu, na ikifuatana na matusi, viapo vya uongo au ugomvi ni haramu. Na kamari si lazima iwe fedha nyingi. Wachezaji wawili wakipatana kuwa atakayefungwa atamnunulia mwenziwe soda, hiyo ni kamari. Wanafunzi wetu walizingatie hili katika drafti na katika bao vilevile.

Kwa hiyo msimamo wetu katika madrasa ni huu. Mchezo si sehemu ya masomo, na mzazi aliyemkataza mwanawe asikilizwe. Aliyeruhusiwa acheze bila ya dau, kwa muda mfupi, na adhana ikisikika ubao ufunikwe hata kama amebakisha hatua moja ashinde.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Kutokana na maisha ya as-Suli na kazi zake tunapata mafunzo haya, yanayofaa ubaoni na darasani:

(i) Soma waliokutangulia. Usikariri hatua tu, uliza kwa nini. As-Suli alikuwa bora kwa kukipima kitabu cha al-Adli.

(ii) Anza kujifunza kutoka mwisho. Jifunze kwanza namna mfalme na ngome wanavyomfunga mfalme aliye peke yake. Ukijua mwisho utajua unaelekea wapi, na kwa Muislamu jambo hili lina maana kubwa zaidi ya mchezo.

(iii) Kuwa na mpango mwanzoni. Weka askari wa kati, watoe farasi na tembo mapema, mlinde mfalme. Usimkimbize ovyo kete mmoja huku wenziwe wamelala.

(iv) Fikiri kabla hujagusa kete. Jiulize mwenzio anataka kufanya nini, si wewe unataka nini peke yake.

(v) Cheza na anayekuzidi, na ukifungwa iandike michezo uliyofungwa, uitazame tena ulipoharibu. Anayecheza na wadogo zake ili ashinde kila siku hujidanganya.

(vi) Usibabaishwe na wanaomshangilia mwenzio. Macho yako yawe ubaoni, kama as-Suli mbele ya al-Muktafi.

(vii) Fundisha unachokijua. Baraza la makhalifa lilimtupa as-Suli, lakini vitabu vyake na mwanafunzi wake mwenye kigugumizi ndivyo vilivyomfikisha kwetu.

Tunamuomba Allah (s.w.) awape watoto wetu wa Kibaha na Kisarawe akili nyepesi ya kufahamu, vifua vya kuhifadhi na wakati wenye baraka, na atujaalie sote mwisho mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq.